Beethoven: fundi wa muziki aliyeumizwa na kelele

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee masikio.

Ingia intaneti kafe yoyote saa za jioni utaona. Vijana wamejipanga mbele ya kompyuta, kila mtu na hedifoni yake kichwani, mwingine anasikiliza muziki, mwingine anaangalia muvi, na kwa sababu jirani yake naye kafungulia, basi anaongeza sauti ili asimsikie jirani. Masaa mawili, matatu. Akivua, masikio yanauma, kichwa kizito, ndani kuna kitu kinalia ngiiii, na ukimwita anajibu "eeh?" mara tatu. Anasema ni uchovu tu, akilala utaisha. Mara nyingi unaisha kweli. Lakini kuna siku hauishi.

Kuna mtu mmoja ambaye haukuisha kwake. Hedifoni hakuwahi kuiona, maana alifariki mwaka 1827, karibu nusu karne kabla ya simu ya kwanza kutengenezwa. Na kilichomharibu masikio hakikuwa kusikiliza muziki kwa sauti kubwa, hilo tuliseme mapema ili tusidanganyane. Ila mateso yenyewe, yaani mlio usiokoma, kelele kugeuka maumivu, na kuchoka kwa kule kusikiliza tu, aliyajua kuliko mtu yeyote maarufu ninayemfahamu. Na kazi yake ilikuwa muziki! Jina lake Ludwig van Beethoven. Wengi tunamjua kwa ule mlio wa simu na kengele za milango, lakini maisha yake hatuyajui. Haya, kaa vizuri.

MTOTO WA MLEVI

Beethoven alizaliwa Bonn, mji ulio kando ya mto Rhine, Ujerumani ya leo. Alibatizwa tarehe 17 Desemba 1770, na siku yenyewe ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Babu yake, naye akiitwa Ludwig, alikuwa mkuu wa wanamuziki katika jumba la mtawala wa pale. Baba yake, Johann, alikuwa mwimbaji katika jumba hilohilo, ila chupa ilimshinda.

Baba huyu alikuwa amesikia habari za Mozart, mtoto wa ajabu aliyezungushwa Ulaya nzima akipiga kinanda mbele ya wafalme, na kuingiza pesa. Akaona na yeye ana mtoto, kwa nini asijaribu? Basi akawa anamfundisha kwa ukali. Majirani walikumbuka mtoto mdogo amesimama kwenye kigoda ili afikie kinanda, machozi yanamtoka. Usiku mzee akirudi kutoka kilabuni anamwamsha, piga kinanda mpaka alfajiri. Machi 1778 akamwonyesha mbele ya watu mjini Cologne akidai mtoto ana miaka sita. Alikuwa na saba. Kupunguza umri hakukuanza kwenye timu zetu za vijana, wadau.

Pamoja na yote hayo muziki haukumchukiza. Alipata mwalimu mzuri, Christian Gottlob Neefe, na akiwa bado kijana mdogo akaanza kushika nafasi ya mwalimu wake kwenye kinanda cha kanisa. Mwaka 1787 mama yake alifariki kwa kifua kikuu. Baba akazidi kuzama kwenye pombe, mpaka kijana akaomba kwa mtawala nusu ya mshahara wa baba yake apewe yeye awalee wadogo zake wawili. Alikuwa hajafikisha miaka ishirini na tayari ndiye baba wa nyumba.

Novemba 1792 akaondoka Bonn kwenda Vienna, mji ambao kwa muziki wa wakati ule ulikuwa ndio kila kitu. Akasoma kwa Joseph Haydn, mtunzi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai. Bonn hakurudi tena.

KIJANA ANAYETIKISA MJI

Vienna ilimpokea kwanza kama mpigaji wa piano. Mamwinyi wa pale walikuwa na mchezo wao: wanawakutanisha wapigaji wawili sebuleni, kila mmoja anapewa wimbo abuni papo hapo, halafu watu wanaamua nani mkali. Beethoven aliwafagia. Alikuwa mfupi, mweusimweusi wa sura, uso una makovu ya ndui, nguo hazikai vizuri, adabu za mjini hana, ila akikaa kwenye piano watu wanalia.

Kufikia 1800 alikuwa ameshatoa simfoni yake ya kwanza. Wachapishaji wanamgombania. Ana umri wa miaka 29, pesa zinaingia, jina linapanda. Nani asingetamani?

Kumbe wakati huohuo alikuwa na siri.

MLIO USIOKOMA

Siri hiyo tunaijua kwa sababu katikati ya mwaka 1801 ilimshinda, akawaandikia rafiki zake wawili wa kuaminika. Mmoja ni Franz Wegeler, daktari wa kule kwao Bonn. Mwingine ni Karl Amenda. Alimweleza Wegeler kwamba kwa miaka mitatu hivi masikio yake yamekuwa yakidhoofika, na kwamba yanavuma na kulia usiku na mchana. Kwenye maonyesho ilimbidi akae karibu kabisa na okestra ndipo aelewe waigizaji wanasema nini. Akisogea mbali kidogo, sauti za juu za vyombo na za waimbaji zinapotea.

Halafu akaeleza jambo ambalo kila mpenzi wa hedifoni alisome mara mbili. Mtu akiongea polepole, sauti aliisikia lakini maneno hakuyapata. Na mtu huyohuyo akipaza sauti ili kumsaidia, ilikuwa haivumiliki.

Umeona ubaya wake? Ndogo haitoshi, kubwa inaumiza. Madaktari wa leo wanaijua hali hii vizuri. Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojikunja kama kombe la konokono, na humo mna chembe zenye vinyweleo, kama elfu kumi na tano kwa kila sikio. Sauti ikifika vinyweleo vinayumba, chembe zinapeleka taarifa kwenye ubongo. Baadhi yake kazi yake ni kukuza sauti ndogo ili usikie hata mnong'ono. Hizo zikifa, sauti ndogo zinapotea, ila kubwa zinaingia na nguvu zake zilezile. Basi ile nafasi iliyopo kati ya kusikia na kuumia inabanwa, inabaki chembamba. Na chembe hizo kwa binadamu haziotei tena. Ukiunguza zimeungua.

Halafu kuna uchovu. Mtu mwenye masikio mazima anasikiliza bila kujua kama anafanya kazi. Mwenye masikio mabovu anapata nusu ya neno, ubongo unakisia nusu nyingine, kabla hajamaliza kukisia sentensi imekwisha na watu wameshacheka. Fanya hivyo kwa masaa matatu kwenye sebule iliyojaa watu wanaoongea kwa pamoja. Ukifika nyumbani uko hoi kama uliyebeba zege. Beethoven alimwambia Wegeler kwamba kwa karibu miaka miwili alikuwa anakwepa mikusanyiko yote, kwa sababu hakuweza kuwaambia watu kwamba yeye ni kiziwi. Angekuwa na kazi nyingine angevumilia, lakini kwa kazi hii! Na maadui zake wakijua watasema nini? Akamsihi Wegeler asimwambie mtu yeyote.

Mjini watu walianza kumwona ana kiburi. Anasalimiwa haitikii. Anaulizwa jambo anakasirika. Jamani, alikuwa hasikii.

MADAKTARI NA MAJANI

Alihangaika na waganga wa kila aina. Mmoja alimpa mafuta ya lozi atie masikioni. Hakuna kitu. Mwingine alimwagiza aoge maji baridi. Mwingine akasema hapana, maji ya vuguvugu ya mto Danube. Tumbo likapata nafuu kidogo, kwa maana tumbo nalo lilimsumbua maisha yake yote, lakini masikio yakabaki palepale yakilia. Daktari mwingine akamfunga mikononi magamba ya mti fulani yanayotoa malengelenge kwenye ngozi, ili eti ugonjwa utokee hapo. Kilichotokea ni kwamba kwa siku kadhaa hakuweza kupiga piano kwa maumivu. Akasikia pia habari za tiba ya umeme akaulizia. Tusimcheke. Hata leo ukiwa na mlio wa masikio utapewa ushauri wa kila aina kijiweni, na tiba ya kuufuta kabisa haijapatikana.

Mwaka 1802 daktari wake, Johann Adam Schmidt, akamshauri akapumzishe masikio mbali na makelele ya mji. Beethoven akahamia kijiji cha Heiligenstadt nje ya Vienna akakaa miezi kadhaa. Utulivu, miti, kijito. Siku moja wakiwa matembezini mwenzake akasikia filimbi ya mbali, Beethoven akasikiliza, hakupata kitu. Yule mwanafunzi wake, Ferdinand Ries, alisimulia baadaye kwamba alijifanya naye haisikii ili mwalimu asiumie. Haikusaidia. Mwalimu alielewa.

Oktoba 1802, akiwa na miaka 31, alikaa akaandika barua ndefu kwa wadogo zake, Karl na Johann. Ni kama wasia. Anagawa mali yake, anaomba asamehewe kwa kuonekana mkali na mchukia watu, anaeleza aibu ya kushindwa kumwambia mtu aongee kwa sauti zaidi. Anakiri kwamba alifikiria kujiua. Na anasema kilichomzuia ni muziki, kwamba aliona hawezi kuondoka duniani kabla hajatoa yote aliyohisi yamo ndani yake.

Barua ile hakuituma. Aliikunja akaihifadhi, akahama nayo nyumba hadi nyumba, na huyu bwana alihama sana, kwa miaka 25. Ilikutwa kwenye karatasi zake baada ya kufa. Wadogo zake hawakujua. Vienna nzima haikujua.

AKARUDI MJINI KUFANYA KAZI

Sasa hapa ndipo namvulia kofia. Alirudi Vienna akaanza kuandika kama mtu aliyefukuzwa. Simfoni ya tatu, ile ndefu ambayo kwanza aliikusudia kwa heshima ya Napoleon, halafu jamaa alipojitangaza mfalme mwaka 1804 Beethoven akalifuta lile jina kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Karatasi ipo mpaka leo na tundu lake. Zikafuata ya nne, ya tano, ya sita. Tarehe 22 Desemba 1808 akafanya onyesho la masaa manne kwenye ukumbi uliokuwa baridi kama barafu, akazindua ya tano na ya sita usiku mmoja, mazoezi hayakutosha, wimbo mmoja ukavurugika katikati mpaka akasimamisha okestra waanze upya. Watu waliganda kwa baridi, lakini usiku ule umeingia kwenye historia.

Mwaka uliofuata mamwinyi watatu wakamwekea posho ya florini 4,000 kwa mwaka ili asihame Vienna. Haikukaa sawa. Serikali ilishusha thamani ya pesa mwaka 1811, na mmoja wa wale watatu akaanguka kutoka kwenye farasi akafa.

Mei 1809 jeshi la Napoleon likapiga mji kwa mizinga. Beethoven alikimbilia kwenye chumba cha chini nyumbani kwa mdogo wake Karl, akajikunyata humo amejifunika masikio kwa mito. Fikiria. Mtu ambaye watu walishaanza kumwita kiziwi, anaziba masikio kwa mito kwa sababu mlio wa mizinga unamtesa, na anaogopa usiondoke na kile kidogo kilichobaki. Ukiziwi wa namna hii hauna maana ya kimya. Wengi hatulijui hilo.

MAPEMBE YA MAELZEL

Kulikuwa na fundi mjini anaitwa Johann Maelzel, mbunifu wa mashine za kila aina, ndiye aliyeipatia hati miliki ile saa ya mapigo ya muziki mwaka 1815. Huyu alimtengenezea Beethoven mapembe ya kusikilizia, ya chuma, mdomo mpana huku na ncha nyembamba ya kuingiza sikioni. Mengine yamehifadhiwa mpaka leo Bonn, katika nyumba aliyozaliwa ambayo sasa ni makumbusho.

Ukiyatazama utaona ndiyo babu wa kila kifaa tunachochomeka masikioni. Yalikusanya sauti yakaisukuma ndani. Na shida zake ni zilezile: yanachosha kuyashika, yanabana, na yanakuza kila kitu, neno unalolitaka na kelele usiyoitaka. Kwa sikio ambalo kubwa linaumia, kuikuza sauti hakukuwa dawa kamili. Baadaye aliyatumia kidogo kidogo tu, na inaelezwa kwamba sikio lake la kushoto lilidumu zaidi kuliko la kulia.

Mwaka 1814 alipiga piano kwenye onyesho la wimbo wake mpya wa vyombo vitatu. Mpiga fidla Louis Spohr alikuwepo kwenye mazoezi na alisikitika sana. Piano ilikuwa haijatyuniwa, lakini mwenyewe hakujua. Mahali pa nguvu alikuwa anabamiza mpaka nyaya zinalia ovyo, mahali pa upole anagusa taratibu mpaka noti hazitoki kabisa. Yule aliyekuwa akiwafagia wenzake sebuleni, mkono wake umebaki, sikio la kumwambia mkono unafanya nini limeondoka. Muda si mrefu akaacha kupiga hadharani.

MADAFTARI

Kuanzia 1818 wageni wake walikuwa wanaandika. Anawapa daftari na penseli, mgeni anaandika swali, Beethoven anajibu kwa mdomo. Zaidi ya madaftari 130 yamesalia. Ukiyasoma ni kama kusikiliza mtu anaongea na simu: upande mmoja tu. Bei ya samaki, umbea wa mjini, mtumishi aliyeiba, siasa za kunong'ona, lakini majibu yake hayapo. Na msaidizi wake Anton Schindler, baada ya bosi kufa, aliongeza maneno yake mwenyewe kwenye madaftari ili aonekane alikuwa rafiki wa karibu zaidi. Uzushi haujaanza na mitandao, wadau.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Mdogo wake Karl alifariki 1815 akiacha mtoto wa kiume, naye anaitwa Karl. Beethoven alipigana mahakamani miaka mingi na mama wa mtoto ili amlee yeye. Akashinda 1820, ila malezi yakawa ya kubana mno. Kijana alilelewa na mjomba, samahani, baba mkubwa, asiyesikia, mwenye hasira, anayempenda mpaka anamkosesha pumzi. Mwaka 1826 Karl alijipiga risasi. Alipona. Baba mkubwa alizeeka ghafla baada ya hapo.

Na katikati ya vurugu hiyo ndipo alipoandika kazi ambazo wajuzi wanaziweka juu ya zote. Aliwezaje bila kusikia? Tuseme hivi: wewe unaposoma mstari huu unasikia maneno kichwani bila mtu kuyasema. Yeye aliyeishi na noti tangu utoto aliisoma karatasi akaisikia okestra nzima. Masikio yalikufa, usikivu wa ndani haukufa. Lakini tusipambe: asingetaka iwe hivyo, na alilisema hilo wazi.

TAREHE 7 MEI 1824

Simfoni ya tisa ilizinduliwa Vienna siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza mtunzi mkubwa kuweka waimbaji na kwaya ndani ya simfoni. Beethoven alisimama jukwaani akipunga mikono kuonyesha mwendo, ila kiongozi halisi, Michael Umlauf, alikuwa ameshawaambia wanamuziki wamtazame yeye, mzee wamwache.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mzee bado amewapa watu mgongo, macho kwenye karatasi zake. Mwimbaji wa kike kijana, Caroline Unger, akamsogelea, akamshika, akamgeuza taratibu. Ndipo akaona. Watu walikuwa wanarusha kofia na kupunga leso hewani, kwa sababu waligundua kwamba makofi hayamfikii. Akainama kushukuru.

Pesa iliyobaki baada ya gharama ilikuwa kiduchu, akakasirika kweli kweli. Ndivyo alivyokuwa.

Desemba 1826 alirudi Vienna kutoka shamba la mdogo wake Johann, akasafiri kwenye gari la wazi wakati wa baridi kali, akafika mgonjwa. Tumbo likajaa maji, wakamtoboa mara nne kuyatoa. Akafariki jioni ya tarehe 26 Machi 1827, nje kukiwa na radi na dhoruba. Alikuwa na miaka 56. Maelfu kwa maelfu ya watu walijaa barabarani siku ya mazishi, na kati ya waliobeba mienge alikuwemo Franz Schubert, mtunzi kijana aliyemfuata kaburini mwaka uliofuata.

SASA NI NINI KILIMUUA SIKIO?

Mwenyewe aliomba baada ya kufa wachunguze ugonjwa wake na dunia iambiwe. Siku ya pili maiti ilipasuliwa. Daktari akakuta mishipa ya fahamu ya masikio imesinyaa, na ini limekauka na kujaa vinundu. Chanzo hakikupatikana.

Halafu ikaja hadithi ya nywele. Watu walikuwa wamekata nywele zake wakazihifadhi kama kumbukumbu. Miaka ya 2000 ilitangazwa kwamba fungu moja lina madini mengi ya risasi, kwa hiyo sumu ya risasi ndiyo iliyomharibu. Kesi ikafungwa. Mwaka 2023 wataalamu wa vinasaba wakapima mafungu manane, wakakuta matano yanaonekana ni yake kweli, na lile fungu maarufu la risasi lilikuwa la mwanamke! Katika zile halisi wakakuta dalili za virusi vya homa ya ini aina ya B na hatari ya kurithi ya ugonjwa wa ini. Kuhusu masikio hawakukuta jibu. Mwaka 2024 wengine wakapima mafungu mawili yaliyothibitishwa, na kumbe risasi ilikuwemo kweli tena nyingi, zaidi ya mara 60 ya kawaida kwa moja na zaidi ya mara 90 kwa jingine. Inawezekana ilitoka kwenye mvinyo, kwa maana enzi zile walikuwa wanautia risasi uwe mtamu. Walisema haikutosha kumuua, ila yaweza kuwa ilichangia masikio na tumbo. Mpaka hapo ndipo sayansi imefika.

NA SISI JE?

Ya kwake hayakuwa na kinga iliyojulikana. Ya kwetu yanayo, na hapo ndipo habari hii inatuhusu.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba vijana zaidi ya bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu. Kipimo wanachotoa ni hiki: sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza masaa 40 kwa wiki. Ukipandisha mpaka 90, ni masaa 4 tu kwa wiki nzima. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Kwa hiyo ule mkono unaoongeza sauti ili kumshinda jirani wa kafe unakula masaa yako bila kujua.

Wanashauri usipite asilimia 60 ya uwezo wa kifaa, na upumzike. Vaa hedifoni zinazofunika sikio vizuri, maana zikizuia kelele za nje hutahitaji kuongeza. Zikibana mpaka panauma, vua, sikio si la chuma. Zile za kuchomeka ndani zisafishe, na usiazimane na kila mtu. Na ukiona mlio hauondoki hata baada ya siku moja au mbili, au sauti za kawaida zimeanza kukukera, nenda kwa daktari wa masikio. Usifiche miaka mitatu kama mzee wetu.

Pia wale tulio na ndugu wasiosikia vizuri, tuelewe. Kumpigia kelele sikioni siyo msaada, kwake yaweza kuwa kipigo. Msogelee, akuone mdomo, ongea taratibu. Na akikaa pembeni kwenye sherehe siyo kwamba ana maringo. Pengine amechoka kukisia.

Mtu aliyetupa muziki ule alikuwa tayari kutoa chochote apate masikio ambayo sisi tunayachezea kwa shilingi mia tano ya nusu saa. Tafakari hilo kabla hujapandisha sauti.

Nawasilisha. Mwenye uzoefu wa mlio wa masikio, au aliye fundi wa mambo haya, uwanja wa maoni ni wenu.